Vichekesho vya televisheni na wanaochekesha: maswali yanayoulizwa kila siku hapa Tabora

Mjadala wa vichekesho hapa Tabora hauna mwenyekiti. Unaanzia kwenye kibanda umiza Isevya, unahamia kwa fundi dishi, jioni unaishia barazani Ng'ambo, na maswali ni yaleyale. Tumeyakusanya na kuyajibu. Jambo lililojibiwa sehemu moja halirudiwi. Utaelekezwa pa kulitafuta.

## Mambo ya mwanzo

Komedi, tamthilia na stendapu vinatofautianaje?

Tamthilia inakudai ukumbuke ya jana. Komedi haikudai kitu. Ukikosa sehemu tatu kwa sababu ya umeme, ya nne utaielewa tu, kwa kuwa taabu ya mhusika ni ileile. Kwenye Papa Shirandula ya Citizen TV ya Kenya, mlinzi wa getini alikuwa akimficha mkewe Wilbroda kazi anayofanya, na uongo huo mmoja ulilisha kipindi miaka mingi.

Stendapu ni mtu mmoja, kipaza sauti na watu mbele yake, kama wanavyofanya Cheka Tu jijini Dar es Salaam. Vile vipande vya dakika mbili tatu vinavyozunguka kwenye simu ni skiti. Hapa tunazungumzia zaidi komedi yenye wahusika wa kudumu, maana huko ndiko maswali yalikojaa.

Kabla ya televisheni watu walicheka na nini?

Na redio, na jukwaa. Bara ilichelewa kupata televisheni. ITV ilianza mwaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa na yao tangu miaka ya 1970. Kabla ya hapo, waliokuwa na redio mkulima walikusanyika kuwasikiliza Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwenye kumbi, vikundi kama Muungano na TOT vilipanga kichekesho katikati ya ngoma, sarakasi na taarabu, ili watu wasinyanyuke kwenda kutafuta usingizi.

Ndiyo maana wakongwe walifika mbele ya kamera wakiwa wameiva. King Majuto hakufundishwa kuchekesha na televisheni. Alikuwa amezoea kumchekesha mtu aliyelipa kiingilio, aliyekunywa mbili tatu, na asiyeona taabu kuzomea.

Baadaye ndiyo vikaja vipindi ambavyo vijana wanavitaja: Ze Comedy ya EATV, Mizengwe ya ITV, Futuhi ya Star TV ya Mwanza, kisha Kitimtim na Mwantumu za Maisha Magic Bongo.

Vile vicheko vinavyosikika nyuma ni vya watu wa kweli?

Inategemea kipindi. Wamarekani waliorekodi I Love Lucy kuanzia 1951 walikaribisha watazamaji studioni na kupiga picha kwa kamera tatu kwa mpigo, mwigizaji asilazimike kurudia mzaha mbele ya watu walewale. Kicheko kile kilikuwa halisi. Miaka hiyohiyo fundi sauti mmoja, Charley Douglass, akatengeneza mashine iliyohifadhi vicheko vilivyorekodiwa. Unabonyeza kitufe, unapata kicheko kidogo, cha wastani au cha kupasua mbavu. Vipindi vingi vya kigeni mlivyokua navyo vimepitia mashine za namna hiyo.

Kwetu kazi hiyo anaifanya mhariri kwa kompyuta, na kwa kweli wengi wanazidisha: tarumbeta, mlio wa kitu kinachodunda, kicheko cha mtoto, vyote ndani ya sentensi moja. Mtazame Majuto akiulizwa swali gumu. Anakaa kimya, anamwangalia muulizaji kuanzia miguuni kupanda juu, ndipo anafungua mdomo. Ukitia tarumbeta kwenye ule ukimya umeua kila kitu.

Mbona Mr. Bean anachekwa hata na bibi asiyejua neno la Kiingereza?

Kwa sababu haongei. Rowan Atkinson alimbeba mhusika yule kwa uso, magoti na mikono, na kwa ubishi wa mtu aliyeamua kufanya jambo dogo kwa njia ndefu. Sehemu zake za televisheni, zilizorushwa kuanzia 1990 hadi 1995, hazizidi 15. Tumezirudia kwenye vibanda mpaka tukadhani ni mia.

## Wahusika na wanaowaigiza

Majina yao halisi ni yapi?

Hili ndilo swali linaloongoza. King Majuto ni Amri Athumani, mzaliwa wa Tanga. Mzee Small ni Said Ngamba. Sharo Milionea ni Hussein Mkieti. Kutoka kundi la Ze Comedy, Joti ni Lucas Mhavile, Masanja Mkandamizaji ni Emmanuel Mgaya, na Mpoki ni Silvery Mujuni. Kwa Wakenya, Mzee Ojwang' wa Vitimbi alikuwa Benson Wanjau, Papa Shirandula alikuwa Charles Bukeko, Inspekta Mwala ni Davis Mwabili, na Churchill ni Daniel Ndambuki.

Kwa nini mchekeshaji anabaki na jina la kuigizia hata sokoni?

Kwa sababu hilo jina ndilo mtaji wake. Mwigizaji wa tamthilia leo ni daktari, mwakani ni jambazi, na watu wanamfuata kwa sura yake. Mchekeshaji wetu hauzi hadithi, anauza mtu. Watazamaji wanataka kumwona mtu wanayemjua akiingizwa kwenye janga jipya, na wanajua kabla hajafungua mdomo kwamba atalichukua vibaya. Joti anaweza kuwa bibi, babu na mtoto wa shule ndani ya kipindi kimoja, lakini tangazo litaandikwa Joti.

Ukilishika hilo, maswali mengi ya ukurasa huu yanajijibu: ugomvi wa vituo, vifo, mikataba, hata kwa nini Masanja akisimama madhabahuni kama mchungaji kuna waumini wanaoanza kutabasamu kabla hajafungua Biblia.

Jina ni mali ya kituo au ya msanii?

Mfano unaotajwa daima ni Ze Comedy. Kundi lilipoondoka EATV kwenda TBC1 liliingia kwenye mvutano kuhusu jina, likaishia kujiita Ze Orijino Komedi. Kituo cha mwanzo kiliendelea na jina la kipindi kwa sura nyingine. Watazamaji wengi waliwafuata watu, wakaliacha jina.

Kisheria, hakimiliki inalinda kazi iliyokwisha tengenezwa, yaani kipindi kilichorekodiwa au muswada ulioandikwa. Wazo tupu hailindi, na jina tupu ni shida kulitetea kwa njia hiyo. Jina la biashara la mhusika linalindwa kama alama ya biashara, na kwa Tanzania Bara alama husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara: miaka 7 ya kwanza, kisha unahuisha kila miaka 10. Msanii anayeona jina lake limeanza kuitwa mtaani na hajalisajili anaacha mlango wazi. Mengine yako kwenye swali la mkataba huko chini.

Mchekeshaji akifariki, kipindi kinaendelea?

Mara nyingi hakiendelei, hata kikijaribu. Bukeko alipofariki Julai 2020, haikuwezekana kumleta Shirandula mwingine getini. Mzee Ojwang' alifariki Julai 2015 na hakuna aliyevaa miwani yake mikubwa akaaminika. Sharo Milionea alifariki kwa ajali ya gari Muheza, Novemba 2012, akiwa ndiyo kwanza amepaa. Ule mwendo wake wa kisharobaro uliigwa na kila kijana kwa muda, lakini mwendo bila mwenyewe haukufika mbali. Mzee Small alituacha Juni 2014, King Majuto tarehe 8 Agosti 2018 pale Muhimbili.

Kwenye tamthilia unaweza kubadili mwigizaji, watu wakanung'unika wiki mbili wakazoea. Kwenye komedi hawazoei.

Mbona lazima kaptula ipandishwe hadi kifuani na tumbo la mito?

Si lazima. Lakini mhusika akitokea amevaa hivyo, hata aliyekaa benchi la mwisho kibandani, anayeiona runinga kwa shida kati ya vichwa vya watu, ameshajua huyu ni nani. Vazi linatambulisha bila kupoteza muda. Ubaya wake unaonekana pale vazi linapobaki peke yake: tumbo la mito lipo, kofia ipo, na mtu ndani yake hayupo.

Ni kweli hawana muswada?

Vipindi vinavyolipiwa na vituo vikubwa vina waandishi. Komedi nyingi za video na za mtandaoni zinakwenda kwa kupeana hali: wewe ni mpangaji, huyu ni baba mwenye nyumba, kodi ya miezi mitatu haijalipwa, haya twende. Wakongwe wa jukwaani wanang'aa hapo. Wachanga hupiga kelele wakidhani sauti ndiyo kichekesho.

## Utani, lafudhi na mipaka

Kwa nini lafudhi za makabila zinatumika sana?

Lafudhi ni njia ya mkato. Neno moja, mtazamaji amejua mhusika katoka wapi na anategemewa kuwa na tabia gani. Kosa la kwanza la waigizaji wengi ni kutupa kila mtu wa kanda ya kati na magharibi kwenye lafudhi moja ya "Msukuma wa televisheni". Mnyamwezi wa Urambo, Msukuma wa Kwimba na Muha wa Kasulu wakikaa benchi moja, hakuna anayemsikia mwenzake kama yeye. Mtazamaji wa Tabora analigundua hilo mara moja, na pale anaacha kumcheka mhusika anaanza kumcheka mwigizaji.

Kumbuka pia kwamba mwenye lafudhi si lazima awe wa kabila hilo. Mzee Ojwang', aliyewachekesha Wakenya kwa lafudhi ya Kijaluo miaka nenda rudi, alikuwa Mkikuyu. Alifaulu kwa sababu alimpa Ojwang' akili zake, hila zake na hasira zake. Lafudhi ilikuwa kanzu tu juu ya mtu kamili.

Huu utani wa televisheni ni ule utani wetu wa jadi?

Una undugu nao, ila umepoteza masharti. Utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani, Wazaramo na Wazigua wakiwamo, umekuzwa na safari za misafara ya karne ya 19, wapagazi wa Unyanyembe walipokuwa wakishusha pembe Bagamoyo na kulazimika kuishi na wenyeji bila kupigana. Utani una wajibu: mtani ndiye anayekutukana, na ndiye anayekuchimbia kaburi.

Aliyewahi kuona watani msibani ameona komedi isiyohitaji kamera. Mwanamke mmoja anachukua koti la marehemu na fimbo yake, anavaa, anatoka uani kwa mwendo uleule wa kuvuta mguu wa kushoto. Anakohoa kama yeye. Anasimama mbele ya mjane: "Mke wangu, na leo chai haina sukari?" Wafiwa waliokuwa wanalia wanaanza kucheka huku machozi yakiendelea kushuka. Kisha anakaa mlangoni, jeneza halipiti mpaka alipwe. "Mtani, tuachie njia." "Njia ni yangu, huyu alikuwa na deni langu." Anapewa sarafu, anaitazama, anaitupa: haitoshi.

Hapo kuna uhusika, vazi, ukimya, mgogoro, na mtazamaji anayejua mhusika halisi alikuwaje. Lakini mtani anajulikana, ana ruhusa, na zamu yako ya kumjibu itafika. Kwenye televisheni anayechekwa hana zamu. Hiyo ndiyo sababu mzaha uleule unaochekwa Ng'ambo unaweza kumuudhi mtu akiusikia kutoka studio ya Dar es Salaam.

Kumwigiza kiongozi ni kosa?

Kuiga peke yake si jambo geni. Ze Comedy waliiga wanasiasa na taarifa za habari wazi kabisa. Kenya walikuwa na Redykyulass wakimwiga Rais Moi, na tangu 2009 vikaragosi vya XYZ Show. Hata hivyo hali hubadilika na wakati. Mei 2020 Idris Sultan alishikiliwa na polisi baada ya kusambaa video akiicheka picha ya zamani ya Rais wa wakati huo, John Magufuli. Mashtaka aliyofikishwa nayo mahakamani yalihusu usajili wa laini ya simu. Anayefanya kejeli ya siasa ajue Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Kanuni za Maudhui Mtandaoni kabla ya kubonyeza "pakia", si baada.

## Kutazama ukiwa Tabora

Kila mvua ikija picha inapotea katikati ya kipindi. Dishi bovu?

Kama inarudi mvua ikikatika, dishi ni zima. Ving'amuzi vya setilaiti kama DStv na Azam vinapokea mawimbi ambayo matone mazito ya mvua huyanyonya njiani. Wingu likiwa zito upande dishi linakoangalia, utapata ujumbe wa kutokuwa na mawimbi, E48 kwa wa DStv. Subiri.

Kama haikurudi, au inakatika hata jua likiwaka, kabla ya kumwita fundi toka nje uangalie mwembe. Huu ni mji wa miembe, na watu wengi wanafungiwa dishi kiangazi. Mwaka mmoja baadaye tawi limefika mbele ya sahani, mvua za Novemba zinalijaza majani, na majani mabichi yenye maji yanazuia mawimbi vizuri kabisa. Fundi atakuja, atazungusha dishi, atabadili kichwa, atalipwa, na tawi litabaki palepale.

Mwaka ule chaneli za ndani zilipotea kwenye dishi, ilikuwaje?

Ilikuwa 2018. Zilikuwa chaneli za kutazamwa bure, na leseni za ving'amuzi vya setilaiti vya kulipia hazikuruhusu kuzibeba kwa namna hiyo, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikasimamia masharti. Haikuwa hitilafu ya dishi, ingawa mafundi walipata kazi sana wiki hizo.

Naweza kuona komedi bila kulipia kifurushi?

Ndiyo, kupitia chaneli za bure kwenye king'amuzi cha antena, na kwa kurasa za YouTube za wasanii na za vituo. Vipindi vya Maisha Magic Bongo, chaneli 160 ya DStv, vinahitaji kifurushi hai.

Na kuingiziwa kwenye flashi pale steshenari?

Ni rahisi, imezoeleka, na ni kunakili kazi ya mtu bila idhini. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inaihesabu kuwa kosa. Anayenung'unika kuwa komedi za nyumbani zimepungua ubora ajiulize ya mwisho aliyoitazama aliipata wapi.

## Kwa anayetaka kuingia

Tuna kikundi huku Tabora. Tuanzie wapi?

Kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri. Yeye ndiye mkono wa karibu wa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na wa Bodi ya Filamu. BASATA husajili wasanii na vikundi. Bodi ya Filamu, kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, hutoa vibali vya kutengeneza na kuweka kazi kwenye madaraja ya umri. Kazi ikishakamilika, iandikishe COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Hizo ni karatasi. Kabla ya karatasi, igizeni mbele ya watu wasiokuwa ndugu zenu: kwenye mahafali, mnadani, ukumbini. Mkishindwa kumchekesha mtu aliyesimama na ndoo ya asali kichwani, kamera haitawasaidia.

Mbona Tabora haina komedi yake kubwa ya televisheni?

Vituo na wafadhili wako Dar es Salaam, na Mwanza kidogo. Mwenye kipaji anapanda treni. Haikuwa hivyo kwenye muziki: Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz walijulikana nchi nzima wakiwa na anwani ya hapahapa, kwa kuwa redio ilikuwa tayari kurusha nyimbo za mikoani. Sasa simu imerudisha mlango huo. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na mhusika mmoja miaka mitatu bila kumbadilisha kila wiki kufuata kinachovuma.

YouTube inaanza kulipa lini?

Ili upate mgawo wa matangazo unahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Malipo hutoka salio likifika dola 100. Wengi hawaishi kwa hiyo. Wanaishi kwa matangazo ya maduka na ushereheshaji wa harusi.

Nikiletewa mkataba, niangalie nini?

Mwaka 2018, King Majuto akiwa mgonjwa, malalamiko kuhusu mikataba yake ya matangazo yalimfanya waziri mwenye dhamana ya sanaa, Harrison Mwakyembe, kuunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Mtu aliyejulikana na nchi nzima.

Soma muda: tangazo litarushwa miezi mingapi, na likizidi unalipwaje. Soma eneo: redio, televisheni, mabango, mitandao, nchi gani. Soma jina: je, unawapa ruhusa ya kutumia sura yako au unawauzia mhusika wako? Hapo ndipo watu wanapopoteza kila kitu kwa mstari mmoja. Kama huelewi, mpelekee mwanasheria hata kama aliyekuletea ni mjomba wako. Hasa kama ni mjomba wako.

Mwenzangu anaiga mhusika wangu. Nifanye nini?

Kama amenakili video yako au muswada wako, unayo haki ya kudai, na uandikishaji wa COSOTA utakusaidia kuthibitisha. Kama ameiga mwendo na sauti tu, huna mengi. Tazama swali la jina hapo juu.

Mhusika wangu nimemtoa kwa jirani, na jirani ameanza kujitambua.

Badili kazi, badili mtaa, badili idadi ya wake. Ukiacha jina lake, duka lake na jambo la uongo juu yake vikae pamoja kwenye video moja, anaweza kukupeleka mahakamani kwa kumchafulia jina, na "ulikuwa mzaha" si kinga ya uhakika. Kama ni mtani wako wa kweli, mwendee kabla hajaja, na uende na kitu mkononi. Atakutoza.